Nyumba mbili za kupanga Unguja, zilizopimwa kwa joto la kaskazi

Tathmini hii inahusu nyumba mbili za kupanga katika Mkoa wa Mjini Magharibi, Unguja. Ya kwanza ni fleti ya zege katika jengo jipya la ghorofa tatu pembezoni mwa mji, na ya pili ni ghorofa ya kwanza ya nyumba ya mawe katika Mji Mkongwe, upande wa Mkunazini. Nimeishi na familia yangu katika zote mbili, na zote nimezijua vizuri katika msimu wa kaskazi, yaani kati ya Disemba na Machi, wakati joto la mchana hukaribia nyuzi 32 au 33 za selsiasi na usiku wenyewe hauteremki sana. Wenye nyumba wote wawili ni waungwana, kwa hiyo majina yao nayaacha. Sitazungumzia rangi za kuta wala uzuri wa makabati ya jikoni. Nazipima nyumba hizi kwa jambo moja ambalo matangazo hayalitaji kamwe: nyumba ina joto kiasi gani pale kiyoyozi kinapozimwa, na joto hilo linatoka wapi. Hukumu yangu naitoa mapema, nayo ni kwamba nyumba ya mawe imeshinda kwa mbali, ingawa sehemu kubwa ya ubaridi niliokuwa nikiulipia kodi haikuwa mali ya mwenye nyumba hata kidogo.

Fleti ilitangazwa kuwa ya kisasa, na dalali aliyetupeleka kuiona aliijua kazi yake. Alikwisha kuwasha kiyoyozi cha sebuleni kabla hatujavua viatu, akasimama katikati ya chumba na kutwambia, "Karibuni ndani, bwana. Huko nje jua, humu ndani Ulaya." Kwa robo saa tuliyokaa, maneno yake yalikuwa kweli. Mpangaji hupata kuijua nyumba baada ya kuhamia, na mambo yaliyotusumbua yalikuwa yote wazi mbele ya macho tangu siku ile ya kwanza, kwa mtu anayejua kuyatazama.

Tuanze na madirisha. Ni ya vioo na alumini, ya kusukuma pembeni, ambayo hata ukiyafungua kwa ukomo wake hufunguka nusu tu, kwa kuwa kioo kimoja hujificha nyuma ya kingine. Dirisha kubwa kuliko yote, lile la sebuleni, linatazama magharibi, na juu yake hakuna kibaraza wala ukingo wa zege wa kulitia kivuli. Kuanzia saa tisa alasiri mpaka karibu na magharibi jua lilikuwa likiingia moja kwa moja na kulala juu ya makochi. Mapazia yalipunguza mwanga, lakini joto lilikwisha kupita kwenye kioo, na pazia lililopata moto ndani ya chumba huupasha moto chumba hicho hicho. Vyumba vya kulala vina dirisha moja kila kimoja, upande mmoja tu, na hewa haiingii mahali ambapo haina pa kutokea.

Kisha paa. Fleti yetu ilikuwa ya juu kabisa, chini ya bamba tupu la zege lisilo na bati wala kivuli cha aina yoyote, na juu yake limekaa tangi jeusi la maji. Unguja iko kiasi cha nyuzi 6 kusini ya ikweta, na kwa hiyo jua hupita karibu na utosi mwaka mzima. Mwanzoni mwa Machi, na tena katika Oktoba, husimama wima kabisa wakati wa adhuhuri. Katika nchi za mbali na ikweta ukuta unaotazama jua ndio unaobeba mzigo mkubwa, lakini kwetu mzigo huo huubeba paa. Atakayechora jengo hapa na kuliacha paa lake wazi amekwisha kuamua kwamba wapangaji wa ghorofa ya juu watateseka, hata kama hakukusudia hivyo. Dari la jipsamu lililowekwa chini ya bamba lilikuwa zuri kwa macho, na pengo dogo lililobaki kati ya viwili hivyo halikuwa na tundu la kutolea hewa. Maji ya tangi nayo yalitupa ishara ya kila siku: jioni, ukifungua bomba la baridi ili uoge, yanatoka ya moto.

Taabu kubwa zaidi ilikuwa usiku. Zege ni kitu kizito, na kila kitu kizito hunywa joto polepole na kulitoa polepole. Bamba lililochomwa na jua tangu asubuhi huendelea kulitoa joto lake chini, vyumbani, saa nyingi baada ya jua kuchwa, na kwa hiyo kilele cha joto ndani ya nyumba hakiji adhuhuri bali huja wakati watu wanataka kulala. Saa tano ya usiku, ukiuwekea kiganja ukuta wa magharibi, ulikuwa na uvuguvugu kama wa jiko la mkaa lililozimwa karibuni. Nje kulikuwa na upepo mwanana, ndani hatulali.

Kiyoyozi kilitusaidia, na kukataa hilo si haki. Lakini kiyoyozi hakiliui joto; hulichukua kutoka chumbani na kulitupa nje, pamoja na joto jingine linalotokana na umeme wake chenyewe. Jengo letu na jengo la jirani yamesimama mgongo kwa mgongo, na kati yao kuna ujia mwembamba ambamo mashine za nje za pande zote mbili zinatazamana na kupuliziana. Ilikuwa kawaida kuhisi, unapopita katika ujia huo kwenda kumwaga taka, kwamba hewa yake ni ya moto kuliko ya barabarani kwenye jua. Dirisha la jiko letu lilifunguka katika ujia huo. Kwa hiyo kila jirani alipojipoza, sisi tuliokuwa tukipika tulilifunga dirisha, na tulipolifunga tulihitaji nasi kuwasha chetu, na yuniti za TUKUZA, yaani umeme wa kulipia kabla, zikawa zinayeyuka kabla ya mwezi kufika kati.

Ardhi iliyozunguka jengo inastahili aya yake. Kiwanja chote, ukuta kwa ukuta, kimetandikwa matofali ya pevingi ya rangi ya kijivu, na katikati, baina ya sehemu ya tatu na ya nne ya kuegesha magari, pevingi zimekatwa duara kuzunguka kisiki cha mwembe. Shina lake lilikuwa pana kiasi kwamba mtoto angeweza kukaa juu yake akakunja miguu. Nilimuuliza mlinzi kwa nini ulikatwa, akanijibu kuwa majani yalikuwa yakichafua magari. Mwembe wa umri ule huifanya kazi ya kupoza kwa njia mbili. Kivuli chake huizuia ardhi isipate moto, na majani yake hutoa maji ya mizizini yakawa mvuke, kazi inayotumia joto la hewa iliyo jirani. Pevingi haina hata moja kati ya hayo; hunywa jua, na maji ya mvua yanayoiangukia hukimbilia mtaroni badala ya kuzama ardhini yakaja kupoza siku za usoni. Ukuta wa uzio nao, wa matofali matupu mpaka juu, uliwafungia upepo jirani zetu wa chini. Magari, kwa hakika, yalikuwa safi.

Sifa za fleti nazitaja kwa haki. Maji hayakukatika, vyoo ni vizuri, gari unaliegesha mlangoni, hakuna ukungu wala mchwa, skuli ya watoto iko karibu, na mwenye nyumba hutuma fundi siku ile ile anapoitwa. Kwa mtu ambaye yuko kazini mchana kutwa, asiyejali gharama za umeme na anayependa ghorofa ya kati, si nyumba mbaya.

Nyumba ya Mkunazini inafikiwa kwa miguu tu, kwa kichochoro ambacho watu wawili wenye mizigo hupishana kwa kuombana radhi. Chini kuna duka na stoo, juu yake tulikuwepo sisi, na juu yetu kuna ghorofa nyingine na chumba cha paani. Kuta ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa na udongo, zenye unene wa nusu mita au zaidi, na dari limebebwa na boriti za mikoko. Boriti hizo ndizo zilizoamua umbo la nyumba nzima. Mti wa mkoko hauvuki zaidi ya kiasi cha mita 3 bila ya kupinda, na kwa hiyo vyumba vya Mji Mkongwe ni vyembamba na virefu, navyo, kwa kuwa ni vyembamba, hupata madirisha upande wa njiani na milango au madirisha upande wa ua. Upepo ukigonga upande mmoja hutokea upande wa pili, ukimpitia mtu aliyelala katikati.

Watu wengi husifu nyumba hizi kwa unene wa kuta zake, na nadhani hapo sifa imewekwa pasipo pake. Ukuta mnene peke yake haupozi kitu. Uweke nusu mita ya mawe kwenye jua la alasiri, nao utafanya vile vile ulivyofanya ukuta wa fleti yetu, tena kwa muda mrefu zaidi, kwa sababu una nafasi kubwa zaidi ya kuhifadhi joto. Kinachouokoa ukuta wa Mkunazini ni kuwa haupigwi na jua. Nyumba ya ng'ambo ya kichochoro ina urefu ule ule, na kila moja huitia mwenzake kivuli. Jua hufika chini kwa muda mfupi tu wa adhuhuri, kisha huondoka. Rangi nyeupe ya chokaa hurudisha juu sehemu kubwa ya mwanga unaoipata. Kwa hiyo kuta hubaki baridi mchana, na hapo ndipo unene unapokuwa na faida, kwa kuwa kitu kizito ambacho hakijapata moto huupokea ujoto wa miili, wa jiko na wa hewa bila ya chenyewe kupanda haraka. Nyumba zote mbili ninazozitathmini ni nzito. Tofauti yao ni kivuli.

Wajuzi wa hali ya hewa ya miji wataongeza, nao wana haki, kwamba kichochoro chembamba kina ubaya wake. Tangu Luke Howard alipolinganisha vipimo vya London na vya mashamba yaliyoizunguka, mwanzoni mwa karne ya 19, inafahamika kuwa miji huzidi mashamba kwa joto zaidi usiku kuliko mchana. Sababu mojawapo ni kuwa kuta zilizobanana haziioni mbingu ya kutosha ya kulitolea joto lao. Kiwanja cha Mnazi Mmoja hupoa baada ya magharibi upesi kuliko vichochoro vya Kiponda, na anayetembea usiku kutoka huko kuingia ndani ya mji atauhisi mpaka huo usoni. Mji Mkongwe una dawa mbili za ubaya huu. Ya kwanza ni bahari, ambayo imeizunguka rasi hii kaskazini-magharibi na kusini-magharibi, na haimwachi mtu mbali na upepo wake. Ya pili ni ua.

Ua wa nyumba yetu si mkubwa. Una kisima kilichofunikwa, kamba za nguo, na mkomamanga uliopandwa ndani ya pipa. Lakini uko wazi mbinguni. Mchana hewa yenye moto ya vyumbani hupanda kupitia hapo na kutoka, na usiku hewa iliyopoa juu ya mapaa huteremka na kutulia chini, ikakaa mpaka asubuhi. Nyumba kadhaa za mtaa ule zimefunika nyua zao kwa bati au plastiki ili kupata stoo au vyumba vya wageni, na ukiingia ndani yake tofauti unaihisi mlangoni.

Jirani yetu, bibi wa nyumba inayofuata, ndiye aliyetufundisha kuitumia nyumba. Siku za mwanzo tuliyafungua madirisha yote mchana kutwa kama tulivyozoea, naye akaniita kutoka barazani kwake. Nilimpa shikamoo, akaitika, kisha akasema, "Mwanangu, nyumba haifunguliwi hivyo. La njiani lifunge ukishakunywa chai, la ua uliache. Kisha alasiri upepo ukigeuka, fungua yote." Tulimfuata, na mambo yakabadilika. Madirisha ya nyumba hii ni ya mbao, marefu, karibu yanafika sakafuni, na kila ubao wa dirisha una vipande vilivyoinamishwa ambavyo hupitisha hewa na kuuzuia mwanga. Sehemu ya chini hufunguka peke yake, kwa hiyo upepo huingia kwenye kimo cha kitanda huku mtu wa njiani haoni ndani. Dari liko juu sana, na hewa ya moto hukusanyika huko, mbali na vichwa vya watu. Kwa miezi yote ya kaskazi tulitumia feni tu, na kuna nyakati za usiku wa manane ambapo hata feni ilizimwa.

Kasoro za nyumba hii si ndogo, na asije mtu akapanga akidhani anaingia peponi. Wakati wa masika unyevu hupanda kutani, nguo za kabatini hushika ukungu, na viatu vya ngozi hugeuka kijani. Chokaa hudondoka juu ya vitabu na mabega. Vyumba vya upande wa njiani ni vya giza, ngazi ni wima mno kwa wazee, nyaya za umeme zilitutia wasiwasi mpaka fundi alipozibadilisha, na mwenye gari atalitafutia mahali Darajani au mbali zaidi. Baadhi ya unyevu huo umeletwa na matengenezo. Mahali ambapo mafundi wamepiga plasta ya saruji juu ya mawe ya zamani, ukuta hauwezi tena kupumua. Maji hubaki ndani na kubabua rangi, na saruji ya kijivu iliyo nje hunywa jua ambalo chokaa ingelirudisha.

Chumba cha paani ni habari nyingine. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilijengwa na paa bapa la chokaa, ambalo baadaye liliwekewa bati la mgongo juu yake kwa ajili ya mvua. Bati hilo, likiachwa wazi pembeni ili upepo upite kati yake na paa la zamani, ni mwavuli bora kabisa, kwa kuwa linachomeka lenyewe na nyumba iliyo chini inabaki kivulini. Mwenye nyumba wetu aliiziba nafasi hiyo kwa mbao, akatia kitanda na kiyoyozi, akakipangisha kama chumba. Kwa kufanya hivyo amepata mpangaji mmoja zaidi, na amewaharibia mwavuli wapangaji wa ghorofa iliyo chini yake.

Na hapa ndipo ninaporejea kwenye suala la nani anamiliki ubaridi. Katika kila nilichokisifu, mwenye nyumba alichangia sehemu tu: ua, madirisha, chokaa. Kivuli cha ukuta wetu ni mali ya nyumba ya mbele. Upepo wa alasiri unategemea kiwanja kilicho wazi hatua kadhaa upande wa baharini, ambacho siku moja kitajengwa. Nyumba mbili zaidi katika kichochoro zimetundika mashine za viyoyozi juu ya vichwa vya wapita njia, na mahali hapo watu hawakai tena barazani alasiri, kwa maji yanayodondoka na kwa pumzi ya moto. Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, iliyoanzishwa mwaka 1985, inaangalia milango, roshani na kimo cha majengo, na mji wenyewe umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000. Hifadhi ya kimo na ya vichochoro, ingawa huzungumzwa kama jambo la historia na utalii, ndiyo pia inayohifadhi usingizi wa wakaazi.

Pembezoni mwa mji hakuna anayelinda kitu cha namna hiyo. Mipango ya mji wetu ni mingi: kuna ule wa Lanchester wa mwaka 1923, wa Kendall wa mwaka 1958, wa wataalamu wa Ujerumani Mashariki wa mwaka 1968, na wa Wachina wa mwaka 1982. Wazo la kuliacha kila jengo peke yake katikati ya nafasi, ili jua na hewa viligonge pande zote, lilikuzwa katika miji ya Ulaya iliyokuwa na baridi, unyevunyevu na maradhi ya msongamano. Katika mji ulio nyuzi 6 kutoka ikweta hewa tunaitaka, jua la pande zote hatulitaki, na nafasi inayobaki kati ya majengo bila ya miti huwa uwanja wa kuchoma ardhi. Majumba ya Michenzani, yaliyojengwa kwa mpango wa Wajerumani na ambayo watu wa mji wanayaita treni kwa urefu wake, yanaonesha pande zote mbili za hoja hii. Nina jamaa huko, ghorofa za juu, nao hupata upepo ambao mimi Mkunazini sijawahi kuupata, kwa kuwa jengo ni jembamba na limefunguka mbele na nyuma. Lakini chini, kwenye barabara pana, watu huhamisha viti vyao siku nzima wakikifuata kivuli cha jengo.

Nyumba za zamani za Ng'ambo, ile sehemu ya mji iliyo nje ya Mji Mkongwe, za udongo na makuti, zenye baraza mbele na minazi juu, zilikuwa nyepesi: hazikuhifadhi joto, na makuti hayapitishi jua kama bati. Siwalaumu walioezeka bati, kwa kuwa makuti hushika moto na hudai kuezekwa upya kila baada ya miaka michache. Ninachosikitikia ni kwamba bati lilikuja, kutu ikafuata na kulifanya linywe jua zaidi, minazi ikakatwa, na hakuna kilichowekwa badala yake.

Kuna anayeweza kuniambia kwamba haya yote yamepitwa na wakati, maadamu kiyoyozi kipo. Namkumbusha Disemba 2009. Umeme wa Unguja hutoka Tanzania Bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari, na ulipoharibika mwezi ule, kisiwa kilikaa gizani kiasi cha miezi mitatu, mpaka Machi 2010, yaani kaskazi nzima. Waya mkubwa zaidi umelazwa mwaka 2013 na hali ni nzuri kuliko ilivyokuwa, lakini watu nao wameongezeka. Sensa ya mwaka 2022 iliwahesabu Wazanzibari karibu 1,890,000, na karibu nusu yao wanaishi katika mkoa huu mmoja wa Mjini Magharibi. Nyumba isiyokalika bila ya kiyoyozi imefungamanishwa na waya huo, na mpangaji anastahili kulijua hilo kabla ya kulipa kodi ya miezi sita.

Kwa anayetafuta nyumba, nashauri aende kuiona saa nane mchana na arudi tena baada ya isha, na mara zote mbili amwombe dalali azime kiyoyozi na kufungua madirisha. Auguse ukuta wa magharibi kwa mkono. Aulize juu ya dari kuna nini, na kama kuna pengo, hewa yake inatokea wapi. Ahesabu madirisha ya kila chumba na kutazama kama yako pande mbili, kisha achungulie nje aone mashine za jirani zinapuliza kuelekea wapi. Kiwanja kitupu kilicho upande wa upepo kinahitaji swali la pekee, kwa sababu ubaridi unaoletwa nacho unaweza kuisha msimu mmoja baada ya msingi kuchimbwa. Na atazame kama mtaa una mahali pa kivuli pa kukaa bila ya kulipa. Mkunazini watoto walipochoka na nyumba tuliwapeleka Bustani ya Jamhuri au Forodhani, iliyofanyiwa ukarabati na kufunguliwa tena mwaka 2009. Kule kwenye fleti, mahali pa pekee penye kivuli palikuwa chini ya ngazi za jengo.

Mwenye fleti anaweza kuiboresha nyumba yake kwa gharama isiyofika bei ya kiyoyozi kimoja kwa kila ghorofa. Apake paa rangi nyeupe na aipake tena kila inapochafuka. Aweke bati la kivuli juu ya bamba, lililo wazi pembeni. Ajenge kibaraza chembamba juu ya dirisha la magharibi. Na ang'oe safu moja ya pevingi kando ya uzio ili apande mikungu au miarobaini. Nilimwandikia hayo tulipohama, na alinijibu kwa adabu kwamba rangi ya paa atailipia.

Kwa kodi inayotozwa, fleti ya ghorofa ya juu naipa nyota mbili kati ya tano, na ya ghorofa ya kati, upande wa mashariki, ningeipa tatu. Nyumba ya Mkunazini naipa nne. Ya tano imeliwa na ukungu wa masika na ngazi. Chumba chake cha paani kiko wazi hivi sasa kwa bei ile ile ya vyumba vya chini, na kwa bei hiyo nisingekichukua.